Kumtafsiri Farasi Anayechechemea

Sisi wanafunzi wa lugha tunadhani kwamba kazi ya mkalimani ni ya mikutano na mahakama. Mimi nilijifunza sehemu yake kubwa katika zizi la farasi hapa Lubumbashi, wakati wa likizo. Daktari wa mifugo alisema Kifaransa tu. Papa aliyewatunza farasi wale miaka mingi alisema Kiswahili chetu. Mimi nilisimama katikati yao.

Farasi jike mmoja alikuwa anachechemea. Mwenyewe alikwisha kuamua kwamba ubovu uko katika mguu wa mbele wa kushoto, kwa sababu farasi alipokimbia polepole, kichwa kilipanda na kushuka. Alisema kwamba asipopona upesi, atadungwa sindano ya kumwua. Papa, aliyelipwa kwa kumtunza farasi huyo, angepoteza kazi siku hiyohiyo.

Papa alimwambia daktari: "Kichwa iko nasema bongo, Dokta. Angaria ku matako."

Ningeweza kutafsiri kwa kifupi kwamba, kwa maoni ya Papa, farasi anachechemea nyuma. Lakini nilimwomba aeleze yote aliyoyaona, nami nikayapeleka moja moja. Ncha ya ukwato wa nyuma wa kushoto imelika, maana farasi anaiburuta. Asubuhi anatoka zizini akiwa mgumu, na akishatembea kidogo analegea. Akizungushwa, hatua ya mguu huo inakuwa fupi.

Daktari alisikiliza, kisha akatufafanulia. Farasi akikimbia polepole, miguu yake hutua kwa mshazari: wa nyuma wa kushoto pamoja na wa mbele wa kulia. Ule wa nyuma wa kushoto ukimwuma, wakati wa kuukanyagia yeye huinamisha kichwa ili uzito uende mbele. Kichwa hicho hupanda tena wakati mguu wa mbele wa kushoto unapotua, na mtazamaji hudhani kwamba ndio unaouma. Kwa hiyo inafaa kusimama nyuma ya farasi na kutazama nyonga zote mbili. Ile ya upande mbovu hupanda na kushuka zaidi ya mwenzake.

Tuliiona wazi, upande wa kushoto. Daktari alibana ukwato kwa koleo kutafuta jipu ndani yake, maana jipu la ukwato huweza kumlemaza farasi ghafla. Hakukuwa na kitu. Akaukunja mguu kwa muda wa dakika moja hivi, kisha farasi akakimbizwa: akachechemea vibaya zaidi. Lakini mguu ule ukikunjwa, viungo kadhaa hukunjwa pamoja, basi jibu lilikuwa bado. Daktari akadunga dawa ya ganzi katika kile kiungo ambacho wengi hukiita goti la nyuma, ingawa kwa mifupa yake ni kama kifundo cha mguu wetu. Tulingoja. Farasi akakimbia sawasawa. Maumivu yalikuwa hapo: baridi yabisi.

Hatarukia vizuizi tena. Anapewa dawa, amebadilishiwa viatu, na watoto wanajifunza kupanda juu yake kwa mwendo wa pole. Papa yuko kazini.

Darasani hutufundisha kutafuta neno linalolingana na neno. Kwa kuchechemea, Kifaransa kinalo, nasi tunayo kadhaa: kuchechemea, kuchopea, kuguchia. Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya hayo lililomsaidia daktari kuujua mguu unaouma. Kilichomsaidia ni ncha ya ukwato iliyolika, ugumu wa asubuhi na hatua iliyofupika, kama Papa alivyoyaona. Mgonjwa asiyesema humtegemea anayemtazama kila siku. Na huyo, akiwa hajui lugha ya daktari, hutegemea mkalimani asiyepunguza maneno yake.