Fort Snelling Ilimlinda Nani?

Wanafunzi wengi wa jimbo la Minnesota hupelekwa na walimu wao kuitembelea Fort Snelling, na miongoni mwao wamo watoto wa Wakenya na Waliberia waishio Brooklyn Center, mji mdogo ulio kando ya mto Mississippi, kaskazini mwa Minneapolis. Masimulizi yaliyozoeleka husema kwamba ngome ile iliwalinda walowezi wa kwanza. Kauli hiyo ina kasoro kubwa: ilipojengwa, walowezi wa kulindwa hawakuwapo.

Ujenzi ulianza mwaka 1820, juu ya genge la mawe pale mto Minnesota unapoingia katika Mississippi. Kanali Josiah Snelling aliusimamia, na mwaka 1825 ngome ikapewa jina lake. Marekani ilitaka kuwazuia wafanyabiashara wa Kiingereza kutoka Kanada na kuitawala biashara ya ngozi za manyoya. Ardhi yenyewe ilitokana na mkataba wa Luteni Zebulon Pike wa mwaka 1805. Viongozi saba wa Kidakota walihudhuria, wawili tu wakatia alama zao, na nafasi ya bei ikaachwa wazi. Baadaye Seneti huko Washington ikaijaza yenyewe: dola 2,000 kwa takriban ekari 100,000. Biashara ambayo muuzaji hakutajiwa bei ni vigumu kuiita biashara.

Wadakota huyaita makutano hayo ya mito Bdote, na kwa wengi wao ndiko binadamu walikoanzia. Msomaji wa pwani hatashangaa. Wareno nao walianza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593 mahali ambapo Mombasa ilikuwa mji wa karne nyingi, wala wenyeji hawakuomba ulinzi huo. Ila Mombasa ilibaki na watu wake.

Walowezi walipokuja, ngome iliwafukuza. Wengi walikuwa wamekimbia shida za koloni la Red River, Kanada, wakajenga vibanda karibu na kambi. Mwaka 1840 askari wakavibomoa. Waliofukuzwa wakateremka na mto, na makazi yao mapya yakawa Saint Paul, mji mkuu wa jimbo hadi leo. Ni mikataba ya mwaka 1851 iliyofungua ardhi ya magharibi mwa Mississippi, ikiwamo ile ambayo leo ni Brooklyn Center.

Ndani ya kuta hizo waliishi pia watumwa, ingawa sheria ya mwaka 1820 ilikuwa imeharamisha utumwa katika eneo hilo. Maofisa walikuja nao kama walivyokuja na masanduku yao. Dred Scott aliletwa na daktari wa jeshi mwaka 1836, akamwoa hapo Harriet Robinson. Baadaye, huko St. Louis, wawili hao walidai uhuru wao kwa hoja kwamba walikuwa wameishi katika ardhi isiyo ya utumwa. Mwaka 1857 Mahakama Kuu ya Marekani iliwakatalia, ikatamka kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia.

Agosti 1862, malipo ya mikataba yalipochelewa na njaa kuwabana Wadakota, vita vilizuka na mamia ya walowezi wakauawa. Hapo ndipo ngome ilipofanya kazi inayosifiwa kwayo, kwani majeshi yalitoka humo. Lakini majira ya baridi yalipofika, Wadakota wapatao 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walifungiwa kambini chini ya genge. Zaidi ya 100 walikufa. Desemba 26 wanaume 38 walinyongwa mjini Mankato, na mwaka uliofuata Bunge likafuta mikataba na kuwafukuza Wadakota kutoka Minnesota.

Askofu Henry Whipple alikuwa amemwendea Rais Lincoln kuwatetea. Jina lake limepewa jengo la serikali lililo karibu na kuta za zamani, na humo imo mahakama ya uhamiaji. Mwafrika Mashariki wa Brooklyn Center anayeitwa kueleza kwa nini aruhusiwe kubaki Marekani huenda huko, na mahakama hiyo rasmi huitwa Fort Snelling.