Gari Linalojivuta Chini

Chukua kiberiti. Kisimamishe wima juu ya daftari lako. Sasa inua upande mmoja wa daftari polepole. Kiberiti kimeanguka, sivyo? Kilaze bapa, kisha inua daftari tena. Safari hii hakianguki. Kinateleza tu. Uzito wake ni ule ule. Kilichobadilika ni kimo chake.

Jambo hili mimi nilifundishwa chuoni, na cheti nikapewa. Lakini siku nilipotakiwa kulitumia, sikulitumia.

Ilikuwa masika ya mwaka 2019. Tulikuwa tunarudi kutoka vijiji vya milima ya Uluguru, tulikopeleka vitabu vya kisomo. Tulikodi Land Rover ya zamani. Wanakisomo watatu waliomba tuwachukue pamoja na maharage yao ya kuuza mjini. Mimi nikaagiza magunia yafungwe juu ya paa, ili watu wakae vizuri ndani.

Dereva alikuwa mzee wa makamo. Aliniambia, "Mwalimu, magunia haya tuyashushe. Gari litakuwa na kichwa kizito."

Nikamjibu, "Mzee, ni magunia manne tu. Twende, jua linazama."

Kwenye kona moja magurudumu ya kushoto yaliingia katika mfereji uliochimbwa na maji ya mvua. Gari liliinama. Springi za upande wa chini zikalemewa, za upande wa juu zikanyooka, na bodi ikazidi kulala. Likaanguka taratibu, kama mtu anayesinzia. Mama mmoja alivunjika mkono wa kulia. Mkono ule haukunyooka tena. Ndio aliokuwa amejifunzia kuandika.

Watu walimlaumu dereva. Mimi nilinyamaza siku mbili nzima kabla ya kusema ni nani aliyeagiza.

Mwaka jana mpwa wangu, ambaye ni fundi wa magari, alinionyesha picha za video katika simu yake. Alisema, "Mjomba, tazama Wamarekani wanavyopanda mawe." Picha zile zilitoka jangwa la Johnson Valley, katika jimbo la California. Huko yako mashindano yanayoitwa King of the Hammers, yaliyoanza mwaka 2007. Magari yake mengi huitwa bagi. Bagi ni gari lililoundwa kwa mabomba ya chuma, lenye magurudumu makubwa na springi ndefu sana.

Springi ndefu zina faida. Gurudumu moja likiwa juu ya jiwe na jingine likiwa shimoni, yote mawili hugusa chini. Lakini zina hatari pia. Gari likipanda mlima mkali, uzito hukimbilia nyuma. Springi za mbele hupumua, zinanyooka, na kuisukuma pua ya gari juu. Pua ikipanda, uzito huzidi kurudi nyuma. Mwishowe gari linaweza kupinduka kichalichali.

Basi wanafanyaje? Mafundi hufunga winchi ndogo ya umeme kwenye fremu ya gari, upande wa mbele. Kamba yake hushuka mpaka kwenye ekseli. Winchi hii si ya kulitoa gari matopeni, kama zile tulizozoea. Dereva akifika kwenye mwinuko, hubonyeza swichi. Kamba hujiviringisha, springi hubanwa, na mwili wa gari huvutwa chini karibu na ekseli. Pua haiwezi tena kuinuka ovyo. Gari likipita ubavuni mwa mlima, kamba ile ile husaidia kuzuia upande wa juu usinyanyuke.

Wengine hupitisha kamba kwenye kapi na kuirudisha juu. Hapo nguvu ya winchi huwa karibu mara mbili, ila kamba huvutwa polepole zaidi. Na wengi hupenda kamba iliyosukwa kwa nyuzi za plastiki, kwa sababu waya wa chuma ukikatika huruka na kuweza kumjeruhi mtu.

Niliitazama video ile nikamkumbuka yule mzee. Wale watu wananunua winchi, kamba na swichi ili kushusha uzito kidogo tu. Mimi niliambiwa niushushe bure, nikakataa.

Wiki iliyofuata nilimtafuta dereva nyumbani kwake. Nilimkuta anatengeneza baiskeli ya mjukuu wake. Nilimwomba radhi kwa mara nyingine, kisha nikamwonyesha video. Yule mama nilikuwa nimemwona asubuhi ile kituoni. Siku hizi anaandika kwa mkono wa kushoto, na hataki kusaidiwa.

Mzee aliitazama video mara tatu bila kusema neno. Kisha akauliza, "Na akishafika juu, kamba anailegeza?"

Nikamwambia ni lazima ailegeze. Asipoilegeza springi hazichezi, na mawe yatampigapiga mpaka mgongo umuume.

"Vizuri," akasema. "Hebu nishikie gurudumu hili."