Jembe la Wageni Wanne

Je, muziki mzuri ni mali ya wakubwa tu? Kazi yangu ni kufundisha katekisimu na nyimbo, na mara nyingi wazazi huniambia: «Mwalimu, wimbo haujazi chungu.» Siwalaumu, kwani njaa si mchezo. Lakini napenda kuwapa habari ya wakulima wa mbali.

Katika Marekani, jimbo la Iowa, nchi ya mahindi, kuna mji mdogo uitwao Jesup. Mwaka 1992 watu wake walipata 2,000 hivi. Mwaka huo shirika la sanaa la serikali, lililoanzishwa mwaka 1965, lilitoa fedha ili wapiga muziki wanne wakakae huko. Nao walikuwa ndugu wa tumbo moja, wa jamaa ya Ying: Timothy na Janet wenye violini, Phillip mwenye viola, na David mwenye selo, ile kubwa ishikwayo kati ya magoti. Walipiga shuleni, kanisani, majumbani, hata katika benki; pengine mbele ya watu sita, pengine mia sita.

Zamani muziki wa namna hiyo ulipigwa hasa katika vyumba vya matajiri. Haydn, mtungaji wake mkubwa, alikuwa mtumishi wa wakuu wa ukoo wa Esterházy. Nani angemfungulia mkulima mlango? Huko Jesup mlango ulifunguliwa kwa kodi ya watu wote. Na hiyo ni haki: mwenye kutoa kodi asipewe makombo.

Tena, wanne hao hawakuwa na kiongozi wa kuwaonyesha kwa fimbo. Kila mmoja alikuwa na sauti yake, naye alimsikiliza mwenzake. Mmoja akijikuza, wimbo waharibika. Mtoto aonaye hayo kwa macho yake amepata fundisho la kuishi na watu.

Lakini linigusalo zaidi ni hili: walikaa miaka miwili. Mgeni wa siku moja hupigiwa makofi, kisha husahauliwa. Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la wageni hao lilikuwa violini, nao walilima pamoja na wenyeji.

Basi, ninyi mnaogawa fedha za watu, msitupelekee wapita njia. Tupeni mwalimu wa nyimbo atakayekaa. Chungu kijazwe, ni kweli. Lakini mtoto si tumbo tu.