Shimo la Mawe Lililoota Msitu

Ukitoka Tanga kwenda Mombasa, unavuka mpaka pale Horohoro. Kisha unapanda kivuko cha Likoni, unapita mjini, unaelekea kaskazini mpaka Bamburi. Huko kuna kiwanda cha saruji. Kama kwetu Pongwe, saruji hiyo hutokana na mawe ya chokaa yanayochimbwa ardhini.

Uchimbaji uliacha mashimo makubwa. Palikuwa na jiwe tupu, jua kali na maji ya chumvi. Mwaka 1971 Bwana René Haller, mtaalamu wa kilimo, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilistahimili tatu tu, mmojawapo mvinje, mti tunaouona ufukweni. Lakini majani ya mvinje yalianguka yasioze. Wakaletwa majongoo. Naam, majongoo hawa hawa tunaowaruka njiani wakati wa mvua! Walikula majani yale, na kinyesi chao kikawa udongo.

Leo, ukitazama kwa mbali, shimo ni kijani. Je, ardhi imepona? Usijibu haraka. Chukua fito nne za mita moja moja, uzifunge ziwe mraba. Uweke chini. Je, mimea imefunika robo ya mraba, au nusu? Ni ya aina ngapi? Rudia mahali pengi, pazuri na pabaya. Halafu nenda msitu wa asili wa jirani, wenye mawe kama yale, ukapime vile vile. Sisi wa Tanga tunao msitu wa mapango ya Amboni.

Ukikuta shimoni mvinje mitupu, na msituni aina kumi katika mraba mmoja, kazi bado. Pima tena mwakani, baada ya masika.