Kokoto za Kawempe na Uhai wa Samaki Wetu

Msafiri atokaye katikati ya Kampala kwa barabara ya Bombo huiacha Makerere mkono wa kushoto na Mulago mkono wa kulia, kisha hushuka hadi bonde la Bwaise, ambako mvua kubwa ikinyesha maji hubisha hodi hata sebuleni. Akianza kupanda tena ndipo aingiapo Kawempe. Kwa askari wengi waendao Bombo, hapa ni mahali pa kupita tu. Kwetu sisi wakazi, Kawempe ni mji wa ujenzi: matofali yamepangwa kando ya njia, mafundi wanachomelea mageti, na marundo ya mchanga na kokoto yanangoja wanunuzi. Katika marundo hayo nilipata somo ambalo yafaa niwagawie wenzangu wenye watoto.

Mwaka jana binti yangu mwenye miaka tisa aliletewa na mjomba wake nkejje wanane kutoka Ggaba, wakiwa hai ndani ya ndoo. Nilikuwa nimekwisha kununua tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Maji niliyalaza siku mbili ili dawa ya klorini itoke. Lakini kwa kubana matumizi, nilitandaza chini kokoto zilizosalia penye ujenzi wa jirani, baada ya kuzisuuza mara moja tu. Asubuhi ya pili samaki watano walikuwa wakielea matumbo juu. Mtoto hakulia. Aliniuliza tu, "Baba, si ulisema watakuwa salama?" Swali hilo lilinichoma kuliko kilio.

Niliwarudisha watatu waliobaki katika ndoo, nikazichunguza zile kokoto. Nyingi zilikuwa zimegandwa na saruji. Saruji mbichi hutoa chokaa kali ndani ya maji, na chokaa hiyo huunguza matamvua ya samaki.

Jioni nilimsimulia sajini mmoja mstaafu tunayekaa naye mtaa mmoja. "Mwalimu," akasema, maana nilifundisha kabla ya kuingia ofisini, "askari hapigi kambi kabla ya kukagua ardhi. Kesho twende tukakague."

"Sawa, afande," nikamjibu.

Tulibeba chupa ya siki na kikombe. Rundo la kwanza lilikuwa moramu, ile changarawe nyekundu ya barabara. Afande aliisugua kiganjani, ikageuka udongo. Hiyo huchafua maji na haifai.

Rundo la pili lilikuwa la kokoto zilizopondwa kwa nyundo, kama zile wanazoponda akina mama kule Kireka. Jiwe lenyewe halikuwa na sumu, ila kingo zake zilikuwa kali kama kigae cha chupa. Nkejje ni samaki wa kuchimba. Hukomba mchanga kwa kinywa akitafuta chakula, na madume wengi huchimba shimo la kuzalia. Tena jike huatamia mayai kinywani. Kumtandikia mawe makali ni kumjeruhi mahali anapolelea watoto wake.

Rundo la tatu lilikuwa mchanga wa ziwa wenye vipande vya makombe ya konokono. Tuliutia kikombeni tukamimina siki, na mara mapovu yakapanda. Mapovu ni dalili ya chokaa, ileile iliyomo katika mawe ya Tororo na Hima yanayotengenezewa saruji. Chokaa ya namna hii si sumu ya papo hapo, bali huyafanya maji kuwa magumu polepole bila ruhusa yako. Samaki wa Ziwa Tanganyika huyapenda maji magumu, lakini wapo samaki wengine ambao huwadhoofisha. Hapana budi kumjua mgeni wako kabla ya kumtandikia kitanda.

Rundo la nne lilikuwa mchanga mnene wa punje za mviringo, nyeupe na za kijivu. Siki ilikaa kimya dakika tano nzima. Tuliuchekecha kwa wavu, tukachukua punje za milimita 2 hadi 5.

Nyumbani tulifanya jaribio jingine. Tuliloweka kokoto katika ndoo kwa juma moja, kisha tukatia maji yake katika chupa moja na maji ya kawaida katika chupa nyingine. Kila chupa ilipata kipande cha sabuni cha ukubwa uleule, zikatikiswa sawasawa. Povu lingepungua katika maji ya kokoto, tungejua kuna chokaa. Mapovu yalilingana. Maji hayo tuliyamwaga, maana sabuni haifai kugusa tangi wala kokoto zake.

Tangi la kipimo changu, likitandazwa kokoto kwa kina cha sentimita 5, huhitaji lita 9, yaani karibu kilo 14. Pamoja na maji, uzito wote hupita kilo 60, basi meza iwe imara. Kokoto zioshwe mpaka maji yatoke maangavu. Usizidishe kina cha mchanga laini, kwani chini yake hewa hukosekana na hutokea gesi inukayo kama yai viza.

Jambo la mwisho ni subira. Juu ya kokoto huota bakteria wema, ambao hugeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Kazi hiyo huchukua majuma kadhaa. Anza na samaki wachache, badilisha robo ya maji kila juma, wala usizioshe kokoto zote kwa mkupuo mmoja.

Wale watatu walirudi tangini. Miezi miwili baadaye binti yangu aliona nkejje mmoja amekataa chakula, mashavu yamemvimba. Alimwita afande, siyo mimi. Mzee alichungulia, akatabasamu: "Amebeba mayai, mwanangu." Baada ya majuma matatu hivi, vifaranga vilikuwa vikicheza juu ya kokoto za Kawempe, na hapo ndipo binti yangu aliponishika mkono.