Kima anasubiriwa, mama anaachwa

Mama alipogundulika ana presha, daktari alimwambia apunguze chumvi na afanye mazoezi. Kwa kuwa ndiyo kazi yangu kuandika habari za afya, nikajitwika jukumu hilo. Jumamosi moja asubuhi nikampeleka Jozani, kwenye ile barabara inayokatisha msituni.

Tulianza pamoja. Haikupita dakika tano nikamwambia, "Mama, njoo taratibu, nakuja sasa hivi." Nikatimua mbio. Nyuma yangu kikapita kikundi cha mazoezi, vijana na jezi zao, wanaimba. Mmoja akamtania mama: "Bimkubwa, gari imekuacha!" Wenzake wakacheka.

Niliporudi nilimkuta kakaa kando ya njia, raba kavua. Mbele yake gari zimesimama, kima punju wanavuka. Barabara ile imewekwa matuta makusudi ili wasigongwe. Mama akawatazama, akasema, "Kima anasubiriwa, mie naachwa."

Alisema kwa kucheka, lakini wiki tatu hakuzigusa tena raba zake. Kila nikimwita ana sababu: mara goti, mara mgeni. Hakuwa mvivu, aliona haya. Na wa kwanza kumtia haya si yule kijana, ni mimi.

Nikamwomba radhi. Tuliporudi Jozani nilikwenda kwa mwendo wake. Kijana mmoja mwenye mbio alitupita, kisha akapunguza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Hakumuuliza kama kachoka, wala hakumfundisha namna ya kupumua. Aliuliza habari za nyumbani, akatembea nasi mpaka kwenye tuta, akaaga, akaenda zake. Siku ile mama alimaliza nusu saa, na goti hakulitaja.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wastani maana yake unaweza kuzungumza, lakini kuimba huwezi. Kwa hiyo anayekwenda huku akipiga soga na mwenzake hapotezi muda. Soga lenyewe ndilo kipimo chake.

Hapa kwetu vikundi vya mazoezi ni vingi, na kila Januari 1 hukutana kwa siku ya mazoezi kitaifa. Siku hiyo utaona wazee, watoto na wenye mbio barabara moja. Adabu yake si ngumu. Unayempita msalimie. Utani juu ya mwili au umri wa mtu uache nyumbani. Mkitoka kama familia, mwendo apange aliye nyuma, na mwenye haraka akimbie mbele kisha arudi kumfuata. Watoto nao waone hivyo, watajifunza.

Jumamosi iliyopita mama alikuja na jirani yake, mzito kuliko yeye. Njia nzima ni mama aliyekuwa akigeuka nyuma: "Taratibu shoga yangu, tunakusubiri."