Kisima cha Marsabit

Sisi tuliozaliwa penye migomba na mahindi twapenda kusema kwamba ukiisha kupita Isiolo hakuna kitu mbele ila mawe na jua. Nami nilisema vivyo hivyo, mpaka nilipotumwa Marsabit kwa kazi ya serikali.

Zamani safari hiyo ilikuwa ya kupanda juu ya lori la ng'ombe, na vumbi liliwafanya abiria wote kuwa rangi moja. Barabara ya lami ya kutoka Isiolo hata Moyale, mwendo wa kilomita 500 hivi, ilimalizika katika miaka ya 2010, na sasa mtu huondoka alfajiri akafika siku ile ile. Nchi yenyewe ni kubwa: Kaunti ya Marsabit peke yake ina karibu kilomita za mraba 70,000, na watu waliohesabiwa mwaka 2019 hawakufika nusu milioni. Magharibi liko Ziwa Turkana. Kati ya ziwa na mlima liko jangwa la Chalbi, lililokuwa ziwa zamani za kale, na leo ni uwanda mweupe wa chumvi ambako Wagabra hupeleka ngamia wao. Lakini mlima wa Marsabit una msitu mnene, na asubuhi ukungu hulowesha nguo. Huko aliishi Ahmed, tembo wa pembe ndefu, aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta tangu 1970 hata alipokufa mwaka 1974.

Lililonishangaza zaidi ni kisima. Kisima cha Waborana huchimbwa chini sana, na vijana husimama mmoja juu ya mwenziwe, wakipokezana ndoo huku wakiimba. Nyimbo hizo si mchezo: zashika mwendo wa mikono, na ng'ombe huitambua sauti ya kwao wakaja. Kila kisima kina mlezi wake, aitwaye konfi, wa ukoo wa yule aliyekichimba; naye abba herega husimamia zamu ya kila siku. Mimi, kwa ujinga wa mtu wa bomba, nilitaka kunawa mikono katika hori. Mzee mmoja alinishika kwa upole.

"Mwanangu," akasema, dereva wetu akinifasiria, "ng'ombe hawa wamengoja siku tatu. Wewe umefika sasa hivi."

Nchi yenye taratibu kama hizi ilifungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1926, hata mtu asiweze kuingia wala kutoka bila ruhusa. Kisha vikaja vita vya shifta, tangu 1963 hata 1967. Ndiyo sababu watu wa huko wanaposafiri kwenda Nairobi husikika wakisema wanakwenda Kenya.

Tulipoagana, mzee yule aliniuliza kama narudi Kenya. Nikamjibu kwamba hata hapo kisimani ni Kenya. Akacheka, akaendelea kuhesabu ng'ombe wake.